Kuonja na kupima Chardonnay nzito za shamba moja, mwaka mmoja wa mavuno: hatua kwa hatua

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. "Hii inanukia siagi tupu, ni sifa au kasoro?" "Nimeonja sita, kuanzia ya nne sikuona tofauti tena." "Lebo inataja shamba, lakini mimi naonja mbao tu. Shamba liko wapi?" Hilo la mwisho ndilo swali lenye uzito, na karibu kila hatua hapa chini imewekwa kwa ajili yake.

Unachofanya ni hiki: unaweka mezani chupa kadhaa za Chardonnay, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, zote za mwaka mmoja wa mavuno, kila moja imetoka shamba lililotajwa kwenye lebo, kisha unatafuta ipi imezidi na kwa sababu gani. Kutaja harufu ishirini hakukusaidii. Kinachokusaidia ni kugawa ulichoonja mafungu matatu: kilicholetwa na shamba, kilicholetwa na mwaka, na kilicholetwa na mkono wa mtengenezaji. Chardonnay haina harufu kubwa ya kuzaliwa nayo kama zabibu ya Muscat, kwa hiyo mkono wa mtengenezaji huonekana upesi. Kwenye hizi nzito, zilizolala kwenye mapipa mapya ya mwaloni, mkono huo unaweza kuyafunika mafungu mengine yote mawili usipojipanga mapema.

Nadharia imetosha.

Vya kuandaa kabla ya kufungua chochote

- Chupa nne hadi sita, si zaidi. Mwonjaji mgeni akipita sita anakuwa anakisia.
- Glasi za umbo moja, moja kwa kila chupa. Tumbo pana kiasi, mdomo ulioingia ndani kidogo. Glasi ndogo ya waonjaji, ile ya kiwango cha ISO cha mwaka 1977, inatosha, ingawa kwa Chardonnay nzito napendelea yenye tumbo kubwa zaidi. La msingi ni zote zifanane. Glasi mbili tofauti zinaweza kukupa mivinyo miwili kutoka chupa moja.
- Kipimajoto cha kutumbukiza kwenye kimiminika.
- Mifuko ya karatasi au soksi nene za kufichia chupa.
- Chombo cha kutemea kwa kila mtu, kisichopitisha mwanga.
- Maji yasiyo baridi sana na mkate mweupe mtupu.
- Karatasi nyeupe ya kutandika chini ya glasi, na nyingine ya kuandikia.
- Mtu mmoja asiyeonja, wa kuficha na kupanga chupa.

Manukato, mafuta ya nywele yenye harufu, kahawa na dawa ya meno viachwe kwa saa moja kabla. Jiko nalo lisiwe na kitu kinachokaangwa.

Hatua

1. Chagua chupa kwa hesabu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla haijaanza. Wananunua chupa sita za watengenezaji sita kutoka mashamba sita, kisha wanajiuliza kwa nini hawaoni shamba. Huwezi kuliona. Kila kitu kimebadilika kwa pamoja.

Tafuta mraba wa chupa nne: watengenezaji wawili, mashamba mawili, mwaka mmoja. Kila mtengenezaji awe na chupa kutoka kila shamba. Huko California inawezekana kwa sababu mashamba kadhaa huuza zabibu kwa watengenezaji wengi. Hyde na Hudson, yote ya Carneros, ni mfano mzuri: Ramey na Patz & Hall kila mmoja amewahi kutoa Chardonnay ya Hyde na ya Hudson. Burgundy, Ufaransa, nako, vipande maarufu vya kijiji cha Meursault kama Perrières, Genevrières na Charmes vimegawanywa kwa wamiliki wengi, kwa hiyo utapata jina moja la shamba kwenye lebo za watu mbalimbali.

Ukikosa mraba, chukua mtengenezaji mmoja mwenye mashamba matatu au manne. Hapo mkono umebaki ule ule, na tofauti nyingi utakazoona zitakuwa za shamba. Nasema nyingi kwa sababu anaweza kuwa ameweka mapipa mapya zaidi kwa shamba analolipenda. Muulize, au soma maelezo yake ya chupa.

*Tahadhari:* usichanganye kusini na kaskazini ya dunia ukadhani mwaka ni mmoja. Chardonnay ya Margaret River, Australia, huvunwa takriban Februari na Machi. Ya Burgundy huvunwa Agosti au Septemba. Namba kwenye lebo ni moja, ila msimu, hali ya hewa na umri havifanani.

2. Soma lebo, andika, kisha isahau.

Marekani, lebo ikitaja shamba, angalau asilimia 95 ya zabibu lazima ziwe zimetoka hapo. Mwaka nao, pale lebo inapotaja eneo rasmi la kilimo cha mizabibu, ni asilimia 95 au zaidi. Ikitaja kaunti au jimbo tu, ni 85. Umoja wa Ulaya unadai 85 kwa mwaka. Usishangae chupa ya Burgundy isipokuwa na neno Chardonnay popote: kijiji na kipande cha shamba ndivyo vinavyoandikwa.

Andika kiwango cha kilevi pia. Hizi nzito huwa kati ya 13.5 na 15. Namba hiyo usiiamini kama ya mizani, kwani Marekani mvinyo unaozidi asilimia 14 unaruhusiwa kupishana na lebo yake kwa asilimia 1 nzima.

3. Weka joto sawa.

Nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Friji la nyumbani liko karibu na nyuzi 4, na kwa baridi hiyo utapata uchachu na mbao, tunda hulioni. Toa chupa zote kwa pamoja, ziache nusu saa au zaidi, kisha pima kwa kipimajoto. Usikadirie kwa kiganja. Chupa moja ikiwa 9 na nyingine 14, ya kwanza itaonekana kali na nyembamba, ya pili nene na yenye pombe, na utaandika ukurasa mzima kuhusu friji lako.

4. Fungua na kagua.

Hii ni kazi ya yule asiyeonja. Anusie kila chupa kwenye glasi pembeni. Yenye harufu ya boksi lililolowa au tambara la deki iondolewe mapema (angalia "Ukikwama" hapo chini). Changa sana, za miaka miwili au mitatu, zimiminwe kwenye jagi safi na kurudishwa kwenye chupa yake. Hewa kidogo inazifungua. Ukifanya hivyo kwa moja, fanya kwa zote.

5. Ficha.

Karatasi ya shingoni iondolewe yote, maana rangi yake inatoa siri. Chupa iingie kwenye mfuko, mfuko upewe herufi. Namba usitumie: ukiona "1" kichwa kinaanza kupanga ushindi. Mpangaji asikae mezani akikuangalia unapoonja. Uso wa mtu husema mengi.

6. Mimina kidogo, na sawa.

Mililita 50 kila glasi. Chupa ya mililita 750 inatoa mimino 15, kwa hiyo hakuna haja ya kubana wala kujaza. Glasi sita za mililita 50, zikirudiwa mara moja, ni mililita 600, karibu chupa nzima kwa mtu mmoja. Ndiyo maana unatema. Kutema hapa si kukosa adabu. Asiyetema ndiye anayeharibu matokeo ya wote.

7. Tazama, lakini usikawie.

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Dhahabu hafifu ni kawaida kwa mvinyo uliokaa pipani. Dhahabu iliyoiva, inayoelekea kahawia, kwenye chupa ya miaka minne ni dalili ya kuangaliwa. Ukungu mdogo unaweza kuwa mvinyo usiochujwa. Vipande kama chembe za sukari chini ya glasi ni chumvi za asidi ya zabibu, havina madhara. Yale "machozi" yanayoteremka kwenye glasi yasikupotezee muda, hayapimi ubora.

8. Nusa zote kabla ya kuonja hata moja.

Hapa tulia. Nusa kwanza glasi ikiwa haijazungushwa, kwa kifupi, kisha nenda inayofuata. Ukimaliza mstari, rudi mwanzo, zungusha, nusa tena. Andika kwenye safu mbili tu.

Safu ya kwanza ni ya *mkono*. Siagi na krimu huja pale asidi ya maliki, ile ya tofaa bichi, inapogeuzwa na bakteria kuwa asidi laini ya laktiki. Njiani huzaliwa kiini kinachonukia siagi. Vanila, karafuu, mkate uliochomwa, moshi mwepesi: hayo ni ya pipa. Nazi mara nyingi huashiria mwaloni wa Marekani. Unga uliochachuka na ganda la mkate mpya ni vya chachu iliyokufa, iliyoachwa ndani ya pipa na pengine kukorogwa kila baada ya siku kadhaa. Kijiti cha kiberiti kilichowashwa sasa hivi ni cha viini vya salfa. Wapo watengenezaji wanaokitafuta makusudi, na kikiwa kidogo kinapendeza.

Safu ya pili ni ya *tunda na mengineyo*. Jiwekee ngazi: limau na tofaa la kijani chini, halafu pea, halafu pichi, halafu nanasi na embe juu kabisa. Andika kila glasi imesimama ngazi ipi. Maua, asali mbichi, ganda la chungwa na harufu ya mawe yaliyolowa viingie hapa pia.

Sasa jaribio lenyewe: funika safu ya kwanza kwa mkono wako usome ya pili peke yake. Glasi ambayo haina kitu kwenye safu ya pili ni mvinyo wa seremala. Inaweza kuwa tamu kunywa, lakini haistahili jina la shamba kwenye lebo yake.

*Tahadhari:* pua huchoka baada ya mizunguko michache. Pumzika dakika mbili, nusa mkono wa shati lako, endelea.

9. Onja kwa mpangilio usiobadilika.

Chukua kiasi cha kijiko, kizungushe ulimini na kwenye ufizi, vuta hewa kidogo kupitia midomo, tema. Pima vitu hivi kwa mfuatano huu:

Asidi. Ukishatema, inamisha kichwa usubiri. Mate yakijaa upesi chini ya ulimi na yakaendelea, asidi ipo. Kipimo hiki ni cha kuaminika kuliko "naona kali", kwa sababu mbao na unene wa mvinyo hudanganya ulimi, lakini mate hayadanganyiki kirahisi.

Kilevi. Joto linaloshuka kooni hata baada ya kutema. Likiwa la vuguvugu, sawa. Likiunguza, liandike kama doa.

Uzito. Mvinyo unakaa mdomoni kama maji, kama maziwa, au kama krimu? Hapa hakuna jibu bora. Chardonnay nzito inatakiwa iwe nzito. Swali ni kama asidi inaubeba uzito huo mpaka mwisho au inauachia katikati.

Ukavu. Ufizi ukikauka kama uliotafuna kijiti, hiyo ni tanini ya mapipa mapya. Kwenye chupa changa huweza kutulia.

Utamu. Wengi huandika "tamu" kwa mvinyo usio na sukari. Kilevi kingi, vanila na tunda lililoiva hutoa picha ya utamu. Ziba pua, onja tena: kama utamu umetoweka, ulikuwa wa puani.

Ladha inayobaki. Tema, angalia saa. Hesabu sekunde mpaka tunda likatike. Kama kinachobaki ni mbao tu, saa isimamishwe pale tunda lilipoishia. Watu wengi wanakosea hapa; wanaipa chupa alama za urefu ambao ni wa pipa.

10. Rudi kinyumenyume.

Onja tena kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Glasi ya kwanza ya siku huonekana kali kuliko ilivyo, na glasi inayofuata baada ya ile nene kuliko zote huonekana imekonda bila kosa lake. Kama hukumu yako imegeuka kwa kugeuza mpangilio, hukuwa na hukumu bado. Onja mara ya tatu.

11. Tenganisha mafungu matatu.

Kama umetumia mraba, chora visanduku vinne: watengenezaji juu, mashamba pembeni. Bado hujui chupa, hivyo kwanza zipange wewe mwenyewe kwa kufanana: zipi mbili unadhani ni za mkono mmoja? Zipi mbili ni za shamba moja? Andika jibu, kisha fungua mifuko. Kupatia mkono ni rahisi, kupatia shamba ni kazi. Usivunjike moyo ukikosa mara za mwanzo.

Baada ya kufungua mifuko, soma hivi. Kinachojirudia kwa mtengenezaji mmoja kwenye mashamba yote mawili ni mkono wake. Kinachojirudia kwenye shamba moja kwa watengenezaji wote wawili ni shamba, na mara nyingi kitakuwa kitu cha umbo kuliko harufu: jinsi asidi inavyokaa, mvinyo unavyopanuka katikati ya mdomo au unavyonyooka. Mfano unaofahamika ni wa Meursault: Perrières, juu ya mteremko kwenye udongo mwembamba wa mawe ya chokaa, huwa imekaza na ndefu, sehemu ya chini ya Charmes, penye udongo wenye kina, huwa pana na laini mapema. Shamba ni pamoja na mmea wenyewe. Mizabibu ya Wente, ukoo wa zamani wa miche ya Chardonnay huko California, huzaa vishada vyenye punje kubwa na ndogo zilizochanganyika, na hizo ndogo huongeza ukolezi ambao mtu asiyejua angeusingizia pipa.

Kilichopo kwenye glasi zote nne ni mwaka. Burgundy ya 2003, mwaka wa joto kali Ulaya, mivinyo meupe mingi ilitoka na asidi ndogo na tunda lililoiva kupita kiasi. Ya 2021 ilipigwa na baridi kali mwezi Aprili, mavuno yakawa machache mno. California 2011 kulikuwa na baridi isiyo ya kawaida. Mwaka wa joto usikufanye umwadhibu mmoja kwa asidi ndogo kama wote wako hivyo; mtafute aliyeilinda kuliko wenzake.

12. Panga nafasi kwanza, alama baadaye.

Weka glasi kwa mfuatano kutoka bora hadi ya mwisho, ndipo utoe alama kama unazihitaji. Mizani ya 20 inatosha. Ile ya 100 humfanya mgeni abishane kuhusu 91 na 92 huku hawezi kusema tofauti yake ni nini.

Ninavyopima mimi: mizani kati ya asidi, kilevi, mbao na tunda inabeba nusu ya uamuzi; urefu wa tunda robo; ugumu wa kuichoka, yaani kama kila unaporudi unakuta jambo jipya, robo iliyobaki. Ukubwa hauna alama. Chupa inayopiga kelele ndiyo hushinda mzunguko wa kwanza karibu kila meza, na hushuka kwenye wa tatu.

13. Rudi baada ya saa moja, na kesho yake.

Acha kidogo kwenye kila glasi. Mvinyo ukifika nyuzi 16 au 17, kilevi kilichojificha hutoka na siagi hukaa juu kama mafuta. Ulio imara hubaki umesimama. Chupa zilizobaki ziba, weka frijini, onja tena kesho kwenye joto lile lile. Iliyokuwa imefungwa jana huweza kuipita iliyoshinda. Andika nafasi mpya pembeni ya zile za jana, usifute.

Ukikwama

*Zote zinanukia sawa.* Kwanza pima joto. Mara nyingi ni baridi. Kama joto liko sawa, pua imechoka. Toka nje dakika kumi.

*Zote zinanukia pombe.* Zimepata joto, au umejaza glasi mno, au umetumbukiza pua yote ndani. Rudisha chupa frijini dakika kumi na tano.

*Boksi lililolowa.* Ni kiini cha TCA, mara nyingi kutoka kwenye kizibo. Hewa haikiondoi, kinazidi kujitokeza. Kikiwa kidogo hakina harufu ya wazi, kinaua tunda tu, na chupa inaonekana bubu. Usiipe alama mbaya, usiipe alama kabisa. Fungua nyingine.

*Kiberiti kikali mno.* Zungusha glasi kwa nguvu, subiri dakika ishirini. Kikipungua, endelea. Kikigeuka yai bovu, ni kasoro.

*Tofaa lililochubuka, asali nzito, rangi ya chai.* Mvinyo umeliwa na hewa kabla ya wakati. Mivinyo meupe ya Burgundy kuanzia mavuno ya 1996 ilisumbuliwa sana na hili, na chupa mbili za kasha moja ziliweza kupishana kabisa. Kwa hiyo hukumu chupa, si shamba, mpaka ufungue ya pili.

*Siki au kiondoa rangi ya kucha.* Asidi tete imezidi. Chembe yake huinua harufu. Ikikuchoma puani, imeharibika.

*Siagi imefunika kila kitu.* Acha glasi ifunguke nusu saa, kisha usinuse, onja tu ukipima mate na urefu wa tunda. Kama asidi na tunda vipo chini yake, andika "mkono mzito, shamba lipo". Kama havipo, andika "mkono mzito" na uishie hapo.

*Wenzako wamepanga kinyume chako.* Muulize kila mmoja alisimamisha saa wapi kwenye hatua ya 9. Kwa kawaida utakuta mmoja alihesabu tunda na mwingine alihesabu mbao. Mimineni tena glasi mbili zinazobishaniwa, zifichwe upya, mhesabu pamoja.